Waya wa Tatu

Wiki iliyopita mtunza ghala alinipigia simu saa nne asubuhi. Hakunisalimia, na yeye si mtu wa kuruka salamu. "Fundi, kuna kijana hapa kaja kurekebisha taa za ghala namba tatu. Anasema kuna waya wa bluu hauna kazi yoyote, anataka kuukata."

Nikamwomba ampe simu. Kijana alikuwa na adabu zake: "Shikamoo, mzee." Nikaitikia, nikamsikiliza. Alisema RS-485, njia ya kupeleka data za vihisi kwa kebo, ni nyaya mbili, A na B, ndivyo alivyofundishwa chuoni, na ndivyo ilivyochorwa hata kwenye karatasi inayokuja na kihisi. Sasa huu wa tatu umetoka wapi? Hauleti umeme wala haubebi data. Aliupima kwa mita, akakuta hauna kitu.

Nilimwambia asiukate, nitakuja. Nilikwenda tukaongea, ila muda ulikuwa mdogo na taa zilikuwa zinamsubiri. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu nililompa. Kwa hiyo namwandikia hapa jibu refu, yeye na mafundi wengine wa huku kusini wanaovuta kebo kutoka kisimani hadi kwenye tangi, kutoka kwenye jenereta hadi ofisini, au kama mimi, kutoka ghala hadi ghala.

Maghala yenyewe yako nje kidogo ya mji wa Mtwara, matatu ndani ya uzio mmoja, na upepo wa bahari unayafikia vizuri. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, malori yanashuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, na magunia yanapangwa hadi karibu na kenchi. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani korosho ikiingia pale bado ni ya mkulima. Mwenye ghala ameishika tu hadi mnada uamue. Na korosho ghafi haipendi unyevu. Ikikaa kwenye hewa nzito, kiini kinabadilika rangi na ukungu unaingia. Mnunuzi hachukui maneno: anachukua sampuli, anazipasua, anapima kiini kilicho kizima, na ubora, unaoongoza bei, unasemwa kwa paundi za kiini katika gunia la kilo 80. Paundi mbili zikipotea humo, ni ada ya shule ya mtu imepotea.

Mtunza ghala alitaka kitu kimoja: akiwa ofisini ajue hewa ya kila ghala ikoje, ajue lini afungue milango, lini awashe mafeni. Niliweka vihisi vinane vya joto na unyevu. Vyote vinaongea Modbus, lugha ya viwandani iliyotolewa na Modicon mwaka 1979 ambayo hadi leo sijaona sababu ya kuiacha. Kompyuta ya ofisini inamwita kila mmoja kwa namba yake, naye anajibu. Kasi ni biti 9,600 kwa sekunde. Kutoka ofisini hadi kihisi cha mwisho, kebo ina mita 340.

Mita 340 si nyingi kwa RS-485. Inasemwa kila mahali kwamba inafika mita 1,200, na ni kweli kwa kasi ndogo. Wanaotumia I2C, ile ya vihisi vidogo vya kwenye bodi, wajue kwamba ile ilitengenezwa kuongea ndani ya kifaa kimoja: imewekewa kikomo cha pikofaradi 400 (kipimo cha chaji ambayo nyaya zinahifadhi), na kebo ya kawaida inakimaliza ndani ya mita chache tu. RS-232 ya kompyuta za zamani nayo ilikusudiwa kama mita 15. Kwa masafa ya ghala, RS-485 ndiyo chaguo la maana.

Mezani kwangu vyote vinane vilijibu bila kukosea siku tatu mfululizo. Nikavifunga ghalani, nikalipwa, nikaondoka.

Desemba, mvua ikiwa imeanza, mtunza ghala aliingia ghala namba tatu kuhesabu magunia akasimama mlangoni. Hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni. Akarudi ofisini. Kioo cha kompyuta kinasema unyevu asilimia 64, kama asubuhi, na kama jana yake jioni. Akaniita. Hakugombana, alisema tu: "Baba, mimi sikuingia mle tangu jana kwa sababu ya hii namba."

Ile namba ilikuwa ya jana yake. Vihisi vya ghala la tatu vilikuwa havijibu kwa saa nyingi, na programu niliyoiandika mwenyewe, kihisi kikikosa kujibu, ilikuwa inaacha namba ya mwisho kwenye kioo. Niliona inapendeza hivyo kuliko nafasi tupu. Kabla sijagusa waya wowote nilibadilisha hilo: kihisi kikikosa kujibu mara tatu, namba inafutika na panaandikwa HAKUNA JIBU kwa rangi nyekundu. Fundi yeyote anayesoma hapa, anza na hilo. Kebo inaweza kuharibika wakati wowote. Kioo kisimfiche mtu jambo hilo.

Kisha nikaanza kutafuta. Nitasema nilikopita, pamoja na nilikopotea.

Kosa la kwanza lilikuwa kebo. Nilitumia kebo bapa ya king'ora kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. RS-485 inategemea nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kusokotwa huko si kwa urembo. Waliokulia pwani wameona kamba ya makumbi inavyosokotwa: kila uzi unapita juu, halafu chini, halafu juu. Waya wa umeme ukipita jirani, unatia kelele kwenye nyaya zote mbili, na zaidi kwenye ule ulio karibu. Zikisokotwa, kila baada ya sentimita chache zinabadilishana nafasi. Aliyekuwa karibu anakuwa mbali. Mwisho wa safari zote zimebeba kelele sawasawa. Alexander Graham Bell aliipatia hataza mbinu hiyo mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Na mpokeaji wa RS-485 haangalii volti ya waya mmoja, anaangalia tofauti kati ya A na B. Kelele iliyo sawa pande zote, kwake ni sifuri.

Kosa la pili: kwenye ghala la kati niliweka boksi moja na kutoa matawi, kama mtu anavyogawa taa. Basi la data, yaani kebo moja inayotumiwa na vifaa vyote, halipendi matawi. Kebo iingie kihisi cha kwanza, itoke iende cha pili, itoke iende cha tatu, na kila kihisi kiwe pale pale kwenye njia. Nilivuta upya kebo ya kusokotwa, nikaiweka mbali na nyaya za fezi tatu za mkanda wa kupandishia magunia, na pale ilipolazimika kuzivuka nikaivusha kwa pembe mraba.

Kosa la tatu ni rizista za mwisho, na hapa nina maoni yangu. Kila fundi akisikia RS-485 anasema: weka omu 120. Ni sawa, zinawekwa mbili, moja kila ncha ya kebo, ili ishara ikifika mwisho imezwe isirudi kama mwangwi. Lakini bodi nyingi za bei nafuu zinakuja na rizista hiyo imeshachomelewa. Mimi nilikuwa nazo nane, zote sambamba: 120 gawa kwa nane ni omu 15. Msemaji wa RS-485 ameundwa kusukuma kama omu 54. Nilikuwa nimembebesha mzigo zaidi ya mara tatu. Nilichomoa sita kwa kisolda. Halafu zima kila kitu, pima kati ya A na B: kwa kebo fupi utapata karibu 60. Mimi nilipata karibu 70, kwa sababu shaba nyembamba ya mita 340 kwenda na kurudi ina zaidi ya omu 50 zake yenyewe. Ukipata 15, kuna za ziada mahali. Ukipata 120, moja haipo au waya umekatika.

Ila kusema kweli, kwa kasi yangu mwangwi haukuwa mgonjwa wetu. Ishara inatembea kama nanosekunde tano kwa mita. Kwenda na kurudi mita 340 ni mikrosekunde tatu na nusu hivi. Biti moja kwenye 9,600 inakaa mikrosekunde 104, na mpokeaji anaisoma katikati. Mwangwi unakuwa umeshakufa zamani. Ukipanda hadi 115,200, biti inakuwa chini ya mikrosekunde tisa, na hapo hesabu inabadilika. Ushauri wangu: usikimbie bila sababu. Hewa ya ghala haibadiliki mara kumi kwa sekunde.

Jambo lililonisumbua kidogo tu ni ukimya. Hakuna anayeongea, rizista mbili zinavuta A na B ziwe sawa, tofauti ni sifuri. Kanuni inamtaka mpokeaji aelewe tofauti ikizidi milivolti 200. Chini ya hapo yuko huru kusoma chochote, naye anasoma takataka, na takataka inajishikiza kwenye mwanzo wa ujumbe wa kweli. Dawa ni rizista mbili za kuegemeza, moja ikivuta waya mmoja kwenye volti 5, nyingine ikivuta mwenzake kwenye sifuri. Nilitumia za omu 560, zinatoa kama milivolti 250, na ziliwekwa sehemu moja tu, ofisini. Chipu mpya nyingi zimeshatatua hili ndani kwa ndani. Na kama huelewi kwa nini kihisi kimekaa kimya kabisa, badilisha A na B kwanza. A ya kampuni moja ni B ya nyingine.

Baada ya yote hayo maghala mawili ya kwanza yalitulia. La tatu likawa linajibu asubuhi, linakata mchana, linarudi jioni. Siku nyingine halikukata kabisa.

Nilikaa pale siku mbili. Siku ya pili, mzee mmoja mlinzi aliyekuwa ameegemea mlango aliniambia: "Mwanangu, mbona hiyo taa yako inazimika mkanda ukiwashwa?" Taa ya kijani ya kihisi, ile inayopepesa kikijibu. Mimi nilikuwa nimekodolea macho kompyuta, yeye alikuwa anaangalia ghala.

Nikachukua mita, nikaweka ncha moja kwenye hasi ya boksi la umeme la ghala la tatu na nyingine kwenye waya mrefu niliouvuta kutoka ethi (waya wa ardhini) ya ofisini. Mkanda umezimwa: volti mbili za AC. Umewashwa: tisa.

Ghala la tatu lilijengwa baadaye na lina laini yake ya umeme na nondo yake ya ethi, iliyozamishwa kwenye mchanga mkavu wa pwani. Mota ya mkanda ilikuwa inavujisha mkondo kidogo kwenye ethi, na mkondo ukipita kwenye udongo unaokataa, ethi yenyewe inapanda. Tunaizoea ethi kama kitu kimoja, sifuri ya dunia nzima. Ofisini ilikuwa sifuri ya ofisini, na ghala la tatu sifuri ya ghala la tatu.

Fikiria watu wawili wamesimama ndani ya ngalawa, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wewe uko kwenye nyumba ya gatini, unawatazama kupitia dirisha, kazi yako ni kusema nani mrefu. Bahari ikipanda au ikishuka, tofauti yao haibadiliki, na wewe unajibu sawasawa. Hiyo ndiyo nguvu ya nyaya mbili. Lakini dirisha lina kimo chake. Likija bamvua, ngalawa inapanda kuliko dirisha, au maji yanakupwa inazama chini ya kizingiti, na wewe humwoni mrefu wala mfupi. Dirisha la RS-485 linaanzia volti 7 chini ya sifuri ya mpokeaji hadi volti 12 juu yake. Volti tisa za mita ya AC si kilele. Kilele chake ni karibu 12.7, juu na chini. Kila mzunguko wa umeme, mara 50 kwa sekunde, ngalawa yangu ilikuwa inazama chini ya dirisha. Siku ambazo mkanda haukufanya kazi, yalikuwa maji mafu, na kila kitu kilikwenda.

Waya wa tatu ndio unaokutoa wewe kwenye dirisha na kukuingiza ndani ya ngalawa. Unaunganisha sifuri ya msemaji na sifuri ya mpokeaji, ili bahari ikipanda mpande pamoja. Haubebi data, kweli. Ndiyo maana mita ya kijana haikuona kitu: ukifanya kazi yake vizuri, hauna cha kuonyesha.

Sasa mbona kazi nyingi za nyaya mbili zinakwenda? Kwa sababu vihisi vingi vinapata umeme kwa adapta ya pini mbili isiyogusa ethi. Sifuri ya kihisi kama hicho inaelea, na mara nyingi inajishikiza yenyewe kupitia A na B. Fundi anaona imefanya kazi, anaamini hiyo ndiyo kanuni. Kwenye ghala la kwanza na la pili nilikuwa na adapta za namna hiyo. Kwenye la tatu nilitumia boksi la chuma, na hasi nilikuwa nimeifunga kwenye ethi kwa mkono wangu, nikidhani naongeza usalama.

Nikavuta waya wa bluu. Moja kwa moja, hasi ya ghala la tatu hadi hasi ya ofisini, ambayo nayo kupitia kompyuta iko kwenye ethi. Makosa yakakoma siku hiyo hiyo na nikarudi nyumbani nimefurahi. Kesho yake nilipima mkondo ndani ya ule waya: miliampea 80, muda wote mkanda ukizunguka. Nilikuwa nimeunganisha ethi mbili za majengo mawili kwa uzi mwembamba, na mkondo uliokuwa unapita ardhini sasa ulikuwa na njia ya mkato kupitia kazi yangu. Nilisema nitarekebisha wiki ijayo. Radi ya Jumamosi haikungoja. Ilipiga mahali karibu, ethi ya upande mmoja ikapanda kwa nukta moja, na tofauti yote ikapita kwenye waya wangu. Kigeuzi cha ofisini, kinachounganisha kebo na kompyuta, kilikufa, na vihisi viwili pamoja nacho. Vitu hivyo nilivilipa mimi.

Kwa hiyo waya wa tatu usiunganishe ethi na ethi, uunganishe sifuri za basi tu. Mahali ambapo kifaa kimeshafungwa kwenye ethi ya jengo lake, weka kitenganishi: bodi ambayo data inavuka ndani yake kwa mwanga au kwa sumaku, bila shaba ya upande mmoja kugusa shaba ya upande wa pili. Niliweka kimoja ofisini na kimoja mlangoni mwa ghala la tatu. Kati ya hivyo viwili basi linaelea, na waya wa bluu unapita njia yote, ukikusanya sifuri za kila kihisi kilicho kati yake. Unagusa ethi sehemu moja tu, ofisini, tena kupitia rizista ya omu 100. Ngao ya kebo nayo imefungwa upande mmoja. Kila ncha ina diodi za kumeza mshtuko, aina iliyotengenezwa kwa lile dirisha la 7 na 12.

Kijana aliniuliza kama kitenganishi hakitoshi chenyewe. Hakitoshi. Upande uliotenganishwa unaelea, na kinachoelea bila kufungwa popote kinaweza kwenda popote. Vitenganishi vingi vina tundu la tatu lililoandikwa GND (sifuri) pembeni ya A na B, na mafundi wanaliacha wazi. Hilo ndilo la waya wa bluu.

Bado kuna chumvi. Pwani hii jointi iliyofungwa kwa tepu nyeusi haimalizi masika mawili. Shaba inakuwa ya kijani, na jointi ya kijani inapitisha leo, kesho haipitishi. Siku hizi sikati kebo mahali ambapo si kwenye kihisi. Nikilazimika, nachomelea, napaka grisi, navisha mpira unaosinyaa kwa joto. Panya nao wanapenda kebo laini, hasa ghala likiwa limejaa, basi mita mbili za chini zote nimezipitisha kwenye bomba la plastiki.

Mkanda umezunguka msimu mzima. Programu inaweka kumbukumbu ya kila jibu lililokosekana, na ghala la tatu halitofautiani tena na la kwanza. HAKUNA JIBU imetokea mara moja, Februari, baada ya radi ya usiku: diodi ya ghala la tatu ilikuwa imejitoa sadaka. Mtunza ghala aliona nyekundu alipofungua ofisi, akaenda mwenyewe na kipimo cha mkononi kupima hewa, akafungua milango, ndipo akanipigia. Nilibadilisha diodi, saa nne basi lilikuwa limerudi.

Yule kijana amenipigia tena juzi. Amepata kazi huko Newala, pampu iko bondeni, tangi liko juu, mita 800 hivi, na anataka pampu ijizime tangi likijaa. Alishanunua kebo, jozi mbili zilizosokotwa, jozi ya pili kwa ajili ya sifuri. Juu kuna sola tu, bondeni kuna umeme wa fezi tatu. Anauliza kitenganishi kikae upande gani. Nimemwambia bondeni, kwenye pampu, na juu aweke diodi nzito kwa sababu tangi ndilo refu kuliko miti yote pale. Hatujakubaliana kuhusu juu. Yeye anataka viwili, kama vyangu. Jumatatu tunapanda wote tukaangalie.